Majirani Waliosomana: Magazeti ya Wagiriki na Wabulgaria katika Karne ya 19

Magazeti ya kwanza ya Wagiriki na ya Wabulgaria yalizaliwa ugenini, kwa kuwa mataifa hayo mawili ya rasi ya Balkani yalikuwa bado chini ya Milki ya Osmani, na wenye fedha za kugharimia uchapaji walikuwa hasa wafanyabiashara waliohamia miji ya mbali. Gazeti la kale zaidi la Kigiriki ambalo nakala zake zimesalia, Ephimeris, lilianza kutoka Vienna tarehe 31 Desemba 1790, likiendeshwa na ndugu wawili wa ukoo wa Poulios. Ndugu hao walichapa pia maandiko ya kimapinduzi ya Rigas Velestinlis, na serikali ya Austria ilipomkamata mwandishi huyo mwishoni mwa 1797, gazeti nalo likafungwa. Rigas alikabidhiwa kwa Waosmani, wakamwua Belgrade mwaka uliofuata.

Wabulgaria walifuata baada ya nusu karne, na kuchelewa huko kuna sababu yake. Milki iliwagawa raia kwa dini badala ya lugha, katika jumuiya zilizoitwa mileti, ambazo viongozi wake wa dini walisimamia shule na mambo ya ndoa. Hivyo Waorthodoksi wa Balkani, wawe Wagiriki au Wabulgaria, walikuwa chini ya Patriarki wa Konstantinopoli, na maaskofu wake wengi walikuwa Wagiriki. Mbulgaria aliyetaka elimu ya juu kwa kawaida aliipata kwa Kigiriki. Ndivyo ilivyokuwa kwa Konstantin Fotinov, mzaliwa wa Samokov aliyefundisha Smyrna, mji uitwao Izmir siku hizi, ambako alitoa Lyuboslovie, jarida la kwanza la Kibulgaria, kati ya 1844 na 1846. Alilichapisha kwa mpiga chapa Mgiriki, na mengi aliyoyaandika aliyachota katika jarida la Kigiriki lililokuwa likitolewa mjini humo na wamisionari wa Kimarekani. Deni hilo halina budi kutajwa kabla ya ugomvi wa mataifa hayo mawili kusimuliwa. Mwaka 1846 Ivan Bogorov alianzisha gazeti la Bulgarski orel huko Leipzig, na miaka miwili baadaye akaanzisha Tsarigradski vestnik katika Konstantinopoli yenyewe.

Ugomvi ulianzia kanisani. Siku ya Pasaka ya mwaka 1860, Askofu Ilarion aliongoza ibada katika kanisa la Wabulgaria mjini Konstantinopoli bila kulitaja jina la Patriarki, na tendo hilo lilieleweka kuwa ni kumkana. Baada ya miaka 10 ya mabishano Sultani alitoa firmani, yaani amri yenye nguvu ya sheria, iliyounda Eksarkati, kanisa la Wabulgaria lenye uongozi wake. Ibara ya 10 ya amri hiyo iliruhusu wilaya nyingine kujiunga na Eksarkati iwapo theluthi mbili za Waorthodoksi wake zingetaka, na hapo ndipo kalamu ilipopata thamani ya kura, kwa sababu kila mji wa eneo la Makedonia wenye watu mchanganyiko sasa ulikuwa na uamuzi wa kufanya.

Aliyeuelewa mchezo huo kuliko wengi ni Petko Slaveykov, mshairi aliyekuwa akihariri gazeti la Makedoniya mjini Konstantinopoli tangu 1866. Alichapa baadhi ya makala kwa Kigiriki, akijua kwamba Wabulgaria wengi wa Makedonia walikuwa wamefundishwa kusoma katika shule za Kigiriki tu. Ilikuwa busara ya kisiasa, ingawa pia ilikuwa ushahidi wa jinsi jirani alivyokuwa amekita mizizi. Upande wa pili Neologos, gazeti kubwa la Wagiriki wa mji huo huo, lilitetea haki za Patriarki. Mwaka 1872 serikali ililifunga Makedoniya, na mwaka huo huo mtaguso wa Konstantinopoli, yaani baraza la kanisa, uliwatangaza wafuasi wa Eksarkati kuwa wamejitenga na Kanisa, kwa kosa la kutanguliza kabila mbele ya imani.

Ng'ambo ya mto Danube, wanamapinduzi wa Kibulgaria Lyuben Karavelov na Hristo Botev waliandika katika magazeti ya Bucharest na Braila, lakini kwao adui mkuu alikuwa Sultani, si Patriarki.

Mwaka 1911 Konstantinos Vellidis alianzisha mjini Thessaloniki gazeti la Kigiriki liitwalo Makedonia, jina lile lile la gazeti la Slaveykov. Mwaka uliofuata Ugiriki na Bulgaria ziliungana kupigana na Waosmani, na mwaka 1913 zikapigana zenyewe kwa zenyewe.