Rutuba ikizidi ziwani

Rutuba ni neno la sifa. Lilitoka kwenye Kiarabu likiwa na maana ya unyevunyevu, Kiswahili kikalihamishia kwenye udongo, na huko likanoga: ardhi yenye rutuba haikosi mnunuzi. Basi msikilizaji akiambiwa kwamba maji ya Ziwa Victoria yana rutuba nyingi, atadhani ni habari njema. Sivyo hata kidogo. Rutuba hiyo ni naitrojeni na fosforasi kutoka kwenye mbolea, maji taka ya mijini na udongo unaomomonyoka, na ndiyo inayonenepesha gugumaji.

Ling'oe moja ulitazame. Bua limevimba, ndani lina vishimo vya hewa. Chini inaning'inia mizizi myeusi yenye manyoya. Mizizi hiyo haihitaji udongo. Hujilisha majini humohumo.

Gugumaji, ambalo asili yake ni Amerika Kusini, liliingia ziwani mwishoni mwa miaka ya 1980. Katika muongo uliofuata waliachiwa fukusi wanaolila, wakalipunguza sana, lakini Ghuba ya Winam huko Kisumu bado hufunikwa, mitumbwi ikakwama. Fukusi hula jani. Mbolea inayoshuka na mito hawaiwezi.

Kwa hiyo nawasihi watangazaji na walimu: tunapozungumzia ziwa, tuseme “rutuba iliyozidi”, tena tutaje inakotoka. Mkulima wa kandokando ya mto Nyando akisikia neno “mbolea”, atajua anaambiwa yeye, sawa na halmashauri ikisikia “maji taka”.