Nkombo: Shule Katikati ya Ziwa Kivu

Kisiwa cha Nkombo ni sekta kamili ya Wilaya ya Rusizi, Rwanda. Watu wake ni wavuvi na wakulima, na nyumbani wengi huzungumza lugha iliyo ndugu ya Kimashi na Kihavu, zinazosikika ng'ambo upande wa Kongo, Bukavu na kisiwani Ijwi. Mtoto anayeanza shule hapa ana kazi maradufu: Kinyarwanda, kisha Kiingereza, kilichochukua nafasi ya Kifaransa madarasani kuanzia 2009.

Mwaka huohuo Rwanda ilianzisha elimu ya msingi ya miaka 9 bila ada. Mwaka 2012 ikafikishwa miaka 12. Kwa watu wa kisiwani hiyo ilikuwa neema hasa, maana kusoma sekondari bila kuvuka maji si jambo dogo.

Mshindani mkubwa wa darasa ni sambaza. Dagaa hawa, walioletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, huvuliwa usiku kwa taa, mitumbwi mitatu ikiwa imefungwa pamoja kwa miti mirefu. Kijana aliyekesha akivuta wavu hufika shuleni akisinzia, au hafiki kabisa. Mwalimu mzuri wa Nkombo huyajua majira ya uvuvi sawasawa na ratiba ya vipindi vyake.