Huzuni Iliyokosa Kuhesabiwa

Leo tunazungumza juu ya ugonjwa wa huzuni, ambao pia huitwa unyogovu. Huzuni ya siku mbili tatu baada ya kuudhiwa siyo tunayoisema. Ni ile inayokaa wiki mbili au zaidi: usingizi unapotea, chakula hakina ladha, mtoto analia nawe huna nguvu za kumwinua.

Zamani wakubwa walidai kwamba ugonjwa huu ni nadra kwa Waafrika. Daktari J. C. Carothers, aliyesimamia hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari, Nairobi, aliandika hivyo katika kitabu kilichochapishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1953. Ushahidi wake ulikuwa hasa wale waliolazwa. Lakini, jamani, nani angempeleka Mathari mama anayelia kimya jikoni?

Dunia nzima ilikosea karibu vivyo hivyo, kwa kuwa ukubwa wa ugonjwa ulipimwa zaidi kwa vifo. Mwaka 1996 Christopher Murray na Alan Lopez walitoa hesabu ya namna nyingine. Pamoja na vifo, walihesabu miaka ambayo mtu anaishi akiwa mgonjwa, hawezi kazi zake. Ndipo ilipoonekana kwamba mwaka 1990 unyogovu ulikuwa wa nne duniani kwa kulemea watu. Leo wanaougua wanakadiriwa kuwa zaidi ya milioni 300, wanawake wakiwa wengi kuliko wanaume. Kwa wajawazito na waliojifungua karibuni, ni zaidi ya 1 katika kila 10.

Je, unatibika? Ndiyo. Katika vijiji vya Rawalpindi, Pakistan, wahudumu wa afya wa nyanjani, wala si madaktari, walifundishwa namna ya kuzungumza na kina mama wagonjwa. Waliwatembelea tangu mwisho wa mimba hadi mtoto alipotimiza miezi 10. Matokeo yalitolewa mwaka 2008. Mtoto alipofika miezi 6, mama 23 tu katika kila 100 walikuwa bado wagonjwa. Kwa waliotembelewa bila mazungumzo hayo, walikuwa 53. Hata watoto walifaidika: walihara mara chache zaidi, na wengi zaidi wakapata chanjo.

Basi unapompeleka mtoto kliniki kupimwa uzito, mweleze muuguzi hali yako wewe pia. Ukijiwa na mawazo ya kujidhuru au kumdhuru mtoto, usingoje siku ya kliniki. Mwambie mtu wa karibu akupeleke hospitali siku hiyo hiyo.