Nusu ya Bach Ndiyo Iliyofika Meru

Mwanafunzi wa piano aliyelelewa kwa nota, akiambiwa afunge kitabu na kupiga jazi, vidole vyake hushikwa na kigugumizi. Hudhani hana kipaji. Mimi nadai kwamba, kwa sisi wa Arusha na Meru, tatizo hilo ni la kihistoria kabla halijawa la kipaji.

Oktoba 1896 wamisionari wawili wa Leipzig, Ewald Ovir na Karl Segebrock, waliuawa Akeri. (Adhabu ya kikatili iliyotolewa na jeshi la Wajerumani baada ya hapo inastahili makala yake.) Mwaka 1902 misheni ilirejea na kujenga Nkoaranga. Pamoja na Injili zilikuja nyimbo za Kilutheri za sauti nne. Nyingi za aina hiyo zimo katika Mwimbieni Bwana na bado huimbwa Jumapili kuuzunguka mlima.

Lakini tuitazame Leipzig yenyewe. Johann Sebastian Bach alihudumu huko kama mwalimu na kiongozi wa muziki wa kanisa tangu 1723 hadi kifo chake mwaka 1750. Katika zama zake mpiga kinanda aliandikiwa mstari wa besi wenye tarakimu. Akodi alizijaza mwenyewe papo hapo. Mwaka 1747, huko Potsdam, Mfalme Frederick wa Prussia alimpa wazo la muziki, naye Bach akalibunia fyuga ya sauti tatu palepale, bila maandishi. Karatasi ya mwanajazi wa leo, yenye sauti ya wimbo na herufi za akodi, ni binamu wa karatasi ile ya tarakimu. Katika karne ya 19 ustadi huo ulififia Ulaya, isipokuwa zaidi kwa wapiga vinanda vya kanisani: mtunzi alitukuzwa, mpigaji akageuzwa mtekelezaji. Kilichopanda mlima wetu, basi, ni kitabu.

Baadaye Mmarekani Howard Olson, mwalimu wa chuo cha teolojia Makumira, aliwahimiza wanafunzi walete mahadhi ya makwao yatungiwe maneno ya Kikristo. Ndipo tukapata Tumshangilie Mungu. Ilikuwa hatua kubwa. Hata hivyo, mahadhi yaliyozoea kubadilika kinywani mwa kila mwimbishaji sasa yalipewa umbo moja la kuchapwa.

Mjini mambo yalikuwa mengine. Mwaka 1970 ndugu Wilson na George Kinyonga walitoka Tanga, wakaunda Arusha Jazz; mwaka uliofuata walihamia Kenya, wakawa Simba Wanyika. Jina hilo la jazi halikuwa na maana ya muziki wa Duke Ellington, kwani msingi wao ulikuwa rumba. Lakini beti zikiisha na chemko kuanza, gitaa la solo lilipaswa kusema jambo lisiloandikwa popote. Ufundi huo ulirithishwa kwa sikio, kwa kuketi jirani na aliyetangulia. Haukuwa na cheti.

Kwa hiyo mwanafunzi wangu simpeleki kwanza New Orleans. Namwambia achukue wimbo alioujua tangu shule ya Jumapili: mkono wa kushoto upige besi tupu, wa kulia uimbe sauti ya kwanza, kisha ubeti wa pili auharibu kwa makusudi, besi ikibaki ileile. Hilo hulifanya kwa aibu, halafu kwa furaha. Linalonisumbua ni siku ya mtihani, kwa sababu fomu tunayomjazia sisi walimu ina safu ya nota alizokosea, na haina safu ya alizobuni.