Sarafu za Kale za Dranya na Thamani Yake

Mzee mmoja wa Dranya, katika Wilaya ya Koboko, alitujia na mkebe uliojaa sarafu za kale. Aliuzika uani mwaka 1980, wakati watu wengi wa Nile Magharibi walipokimbilia Sudani na Zaire kwa sababu ya vita, akaufukua aliporejea. Sasa kijana mmoja alikuwa amemwambia kwamba sarafu hizo zikipelekwa Marekani, zikapimwa na mabingwa na kupewa daraja, zingewalipia wajukuu wake karo ya miaka mingi. Mzee alikuwa tayari kuuza ng'ombe wake wa pekee ili apate gharama. "Walimu, niuze, nisiuze?" akatuuliza. Katika makala haya twajaribu kueleza jibu tulilompa, kwa kuwa swali hilo si lake peke yake.

Tulizimwaga sarafu mezani, tukazipanga. Nyingi zilikuwa senti 5 na senti 10 za Afrika Mashariki, zile zenye tundu katikati ambazo wengine huziita ndururu na peni. Kadhaa kati yake zilikuwa za mwaka 1936, zenye jina la Mfalme Edward wa Nane. Zilikuwapo shilingi za Mfalme George wa Sita, zenye simba mbele ya milima. Ilikuwapo pia faranga mbili ya Kongo ya Kibelgiji ya mwaka 1943, yenye pande sita na picha ya tembo, iliyopigwa Philadelphia kwa kuwa Ubelgiji yenyewe ilikuwa imetekwa na Wajerumani. Mwisho zilikuwapo sarafu za Sudani za mwaka 1956, zenye tarishi aliyepanda ngamia.

Fedha za nchi tatu zilikutanaje katika mkebe mmoja? Jibu limo katika historia ya mahali penyewe. Tangu 1894 nchi hii ilikuwa sehemu ya Lado, iliyokodishwa kwa Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji. Leopold alifariki Desemba 1909. Mwaka 1910 Lado ikarejeshwa kwa Sudani, na mwaka 1914 sehemu yake ya kusini ikatiwa katika Uganda. Hivyo katika muda wa miaka 20 wenyeji walipata mabwana watatu bila kuhama nyumba zao. Mipaka iliwagawa Wakakwa kati ya nchi tatu, lakini haikuzuia ndoa, misiba wala biashara. Tena vijana wengi wa Nile Magharibi walikwenda kufanya kazi katika mashamba ya miwa ya Kakira na Lugazi, wakarudi na shilingi za Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, iliyoundwa London mwaka 1919.

Ama kuhusu kupima sarafu kwa namba, desturi hiyo ilianzia Marekani. Mwaka 1949 William Sheldon alitoa kipimo cha 1 hadi 70 kwa ajili ya senti kubwa za kale za nchi hiyo. Shabaha yake ilikuwa bei: sarafu ya daraja la 70 ilitarajiwa kupata mara 70 ya bei ya ile ya daraja la 1. Makampuni ya PCGS, mwaka 1986, na NGC, mwaka 1987, yakaigeuza kazi hiyo kuwa biashara kubwa. Sarafu hukaguliwa kama si ya bandia, hupewa daraja, kisha hufungwa ndani ya kisanduku cha plastiki chenye namba.

Hapo ndipo yatupasa kufanya hesabu. Kila sarafu hulipiwa ada yake, pamoja na posta na bima, iwe na thamani au isiwe nayo. Peni ya 1936 hudhaniwa kuwa adimu kwa sababu Edward hakumaliza mwaka katika ufalme. Lakini sarafu hiyo ilibeba jina lake tu, bila kichwa chake. Haikusubiri sura ya mfalme kuchongwa, nayo ilipigwa kwa mamilioni. Shilingi za kuanzia 1948 hazina fedha hata chembe, na zile za 1921 hadi 1946 zina robo tu, yaani gramu mbili hivi. Zaidi ya hayo, sarafu za mzee zilichakaa sokoni, kisha zikasuguliwa kwa majivu na ndimu ili zing'ae, na mpimaji huhesabu kusugua huko kuwa dosari. Kwa vitu vya namna hiyo, kisanduku kitagharimu kuliko kilichomo.

Hatusemi kwamba kupima hakuna faida kamwe. Shilingi 5 ya Uganda ya mwaka 1972, yenye pande saba, iliondolewa katika mzunguko, na karibu zote zikayeyushwa. Mwenye nayo anayo sababu ya kutaka ushahidi wa bingwa kwamba ni halisi. Basi kabla ya kulipa ada na tujiulize: sarafu ni adimu kweli? Imehifadhika bila kusuguliwa? Je, cheti kitaongeza bei kupita gharama zote? Tuliitafuta shilingi 5 hiyo katika mkebe wa mzee, hatukuiona.

Tulimjibu: "Mzee wetu, ng'ombe abaki zizini." Kisha tukamwomba atueleze habari za kila sarafu: aliipata wapi, kwa kuuza nini, na waliiitaje. Wanafunzi wakaandika. Walijifunza kwamba sumuni, jina la senti 50, latokana na neno la Kiarabu lenye maana ya sehemu ya nane, ingawa senti 50 ni nusu ya shilingi. Hesabu ya zamani imekufa, neno limebaki. Habari kama hizo hakuna mpimaji wa ng'ambo awezaye kuzitoa, wala hazisomeki juu ya plastiki. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Twawasihi walimu wenzetu waulizie mikebe ya vijijini mwao, na waende na daftari, maana wenye habari hizo wanazidi kupungua.