Kosa la Kuwaza Kifo

Nyumbani kwetu ukiuliza, "Guka akituacha shamba litagawanywaje?" shosho alikukata hapo hapo: "Unamwitia kifo?" Basi tukanyamaza. Guka alituacha bila wosia, na leo ndugu wawili wa baba wanasalimiana kupitia kwa mawakili.

Kuna wakati Kenya nzima ilikuwa na shosho kama huyo, tena mwenye kitanzi mkononi.

Mwaka ni 1976. Mzee Jomo Kenyatta amezeeka na afya inayumba. Katiba inasema rais akifa, makamu wake anashikilia kiti kwa siku 90 huku uchaguzi ukiandaliwa. Makamu ni Daniel arap Moi, na kuna wakubwa hawamtaki. Septemba hiyo, kina Kihika Kimani na Njoroge Mungai wanafanya mkutano Nakuru, wakidai katiba ibadilishwe. Hata bila kutaja kifo, kila mtu anajua ni kifo cha nani kinachopigiwa hesabu.

Oktoba 6, Mwanasheria Mkuu Charles Njonjo akatoa onyo: kuwaza kifo cha rais ni kosa, na adhabu yake ni kifo. Ndiyo, kuwaza tu. Neno hilo lilikuwa limetoka mbali, kwenye sheria ya Uingereza ya 1351 iliyomlinda mfalme. Mahakamani lina maana ya kupanga njama, lakini nani angeenda kubishana msamiati na mnyongaji?

Mjadala ukafa kabla ya Mzee. Yeye alifariki Mombasa, Agosti 22, 1978. Moi akaapishwa siku hiyo hiyo kushikilia kiti, na akakikalia miaka 24.

Ukimya ule uliokoa katiba? Pengine. Waliotaka kuibadilisha nao hawakuwa malaika, walikuwa wanapigania kiti. Lakini mwananchi wa kawaida alibaki na funzo moja: swali la nani atatuongoza kesho si lako, usiliulize kwa sauti.

Njonjo mwenyewe alifariki Januari 2, 2022, akiwa na miaka 101. Siku hiyo hiyo mwili wake ukachomwa Kariokor, kama alivyotaka. Wakenya tulibaki mdomo wazi: ati hakuna kamati ya mazishi, hakuna hata mchango?

Kumbe aliyetukataza kuwaza kifo cha mwenzetu alikuwa amekiwaza chake mpaka mwisho. Guka naye angekiwaza chake, hata nusu saa tu na karatasi moja, Krismasi hii tungekula meza moja.