Vumbi la Ziwa Lililokauka: Historia ya Udongo wa Diatomu Katika Ufugaji

Safari yetu ya leo inaanzia Brussels, mji mkuu wa Ubelgiji, katika uwanja wa Flagey ulioko eneo la Ixelles. Wapenzi wa redio wanaujua uwanja huo kwa jengo lake kubwa la matofali ya manjano, lenye umbo kama la meli, lililojengwa kati ya mwaka 1935 na 1938 kwa michoro ya msanifu Joseph Diongre, ili liwe makao ya redio ya taifa ya Ubelgiji. Watangazaji walikwisha kuhama, na tangu mwaka 2002 jengo hilo limekuwa kituo cha muziki na utamaduni. Ukipanda barabara ya Ixelles kutoka hapo unafika Matonge, mtaa wa Wakongo.

Kinachotuleta Flagey leo, hata hivyo, ni maji. Uwanja huo umekaa juu ya bwawa la zamani. Katika karne ya 19 sehemu ya bwawa kubwa la Ixelles ilikaushwa ili kupata nafasi, na mabwawa yaliyosalia yapo pembeni mwake hadi leo. Katika maji kama hayo, popote duniani, huishi viumbe vidogo mno vya jamii ya mwani, viitwavyo diatomu. Kila kimoja hujijengea ganda la silika, kitu kilekile kinachounda mchanga na kioo. Kikifa, ganda lake huzama chini. Ziwa likidumu maelfu ya miaka kisha likakauka, huacha tabaka la udongo mweupe, mwepesi na laini kama unga wa muhogo.

Huo ndio udongo wa diatomu, au diatomaiti. Wafugaji wengi, wa Ulaya na wa Afrika Mashariki, wanauziwa udongo huo kwa sifa ya kuwa dawa ya asili: unaua kupe, unafukuza chawa, unatoa minyoo tumboni. Je, sifa hizo zina ukweli kiasi gani?

Kutoka hadubini hadi baruti

Ubelgiji ina jina katika elimu ya viumbe hivyo. Henri Van Heurck, mtaalamu wa mimea na hadubini wa mji wa Antwerp, alichapisha kati ya mwaka 1880 na 1885 kitabu kikubwa kuhusu diatomu za nchi yake. Mwaka 1946 na 1947, zama za ukoloni, wataalamu wa Kibelgiji walifanya uchunguzi mkubwa katika Ziwa Tanganyika, wakapima maji yake na kukusanya samaki na viumbe vyake vidogo.

Wakati huo udongo wenyewe ulikuwa umeshaingia viwandani. Wajerumani waliuchimba kaskazini mwa nchi yao tangu karne ya 19. Mwaka 1867 Alfred Nobel, raia wa Sweden, aliupatia matumizi yaliyoushangaza ulimwengu: aliuchanganya na mafuta ya kulipuka ambayo hayakuwa salama kubebwa, akapata baruti kali aina ya dainamaiti. Udongo ulifyonza mafuta hayo kama sifongo. Tabia hiyo ya kufyonza, ndugu msikilizaji, ndiyo ufunguo wa habari yetu yote.

Afrika Mashariki nayo ina hazina yake. Huko Kariandusi, karibu na Gilgil na Ziwa Elmenteita nchini Kenya, kuna kuta nyeupe za diatomaiti, mabaki ya ziwa la kale la Bonde la Ufa. Mwishoni mwa miaka ya 1920, Louis Leakey aligundua mahali hapo mashoka ya mawe ya binadamu wa kale. Kando ya makumbusho ya mashoka hayo, wachimbaji walichonga mahandaki katika ule mwamba mweupe.

Jinsi vumbi linavyoua

Kuku hakusubiri mtaalamu. Tangu zamani hujifukia mchangani, akajirushia vumbi na kujikung'uta, ili kuwapunguza wadudu wa mwilini. Wazee wetu waliona hivyo, wakawa wanamwaga majivu kwenye viota na mahali kuku wanapolala, na kuchanganya majivu na nafaka ghalani.

Sababu ilielezwa kitaalamu baadaye. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, Uingereza ilipohangaikia kulinda akiba ya chakula, V. B. Wigglesworth, bingwa wa elimu ya wadudu, alionyesha kuwa mwili wa mdudu umefunikwa na utando mwembamba wa nta unaozuia maji yasimtoke. Vumbi likiuharibu utando huo, mdudu hukauka na kufa. Huko California, Walter Ebeling aliendeleza utafiti huo na kueleza kuwa vumbi bora ni lile linalofyonza nta. Marekani ilisajili udongo wa diatomu kuwa kiuadudu mwaka 1960.

Kwa hiyo udongo huu hauna sumu ya kumtia mdudu. Kazi yake ni kumnyang'anya maji. Faida yake ni kwamba ni vigumu mdudu kuuzoea kama anavyozizoea sumu. Udhaifu wake ni kwamba lazima uwe mkavu. Ukilowa kwa mvua, umande au mkojo wa banda, nguvu zake hupungua sana.

Panapofaa na pasipofaa

Kwa kuku, ushahidi ni wa kutia moyo. Mwaka 2012 watafiti wa California walichapisha matokeo ya jaribio ambalo kuku waliwekewa masanduku ya kuogea vumbi. Waliooga katika mchanga uliochanganywa na udongo wa diatomu walipungukiwa sana na utitiri na chawa, ingawa kiberiti cha unga kilifanya kazi vizuri zaidi. Nchini Tanzania na Zimbabwe, majaribio ya ghalani yalionyesha pia kuwa udongo huo unaweza kulinda nafaka dhidi ya wadudu waharibifu.

Habari ya minyoo ni tofauti. Tumboni mwa mnyama mna maji, na vumbi lililolowa haliwezi kukausha kitu. Majaribio machache ya kuku yalionyesha nafuu kwa baadhi ya minyoo na katika aina fulani tu ya kuku. Kwa mbuzi, kondoo na ng'ombe hayakuleta matokeo ya kutegemewa. Hata Umoja wa Ulaya, ulioko Brussels hiyohiyo, ulipouingiza udongo huu katika orodha ya viongezi vya chakula cha mifugo kwa namba E 551c, kazi iliyotajwa ilikuwa kuzuia chakula kisigandamane. Haikuwa tiba.

Hatari kubwa zaidi iko kwa kupe. Tangu miaka ya mwanzo ya karne ya 20, Afrika Mashariki imepambana na ndigana kali, ugonjwa unaoenezwa na kupe wa kahawia wa masikio. Serikali za kikoloni zilijenga majosho ya dawa ya aseniki. Kupe wakaizoea, zikaletwa dawa nyingine, nazo kupe wakaanza kuzizoea. Katika miaka ya 1980 na 1990, serikali zilipobana matumizi, majosho mengi ya umma yalikauka. Mfugaji aliyeachwa peke yake, mwenye ng'ombe wawili wa maziwa wanaosomesha watoto, ni rahisi kumwamini anayemletea unga mweupe na kumwambia ni wa asili.

Lakini unga huo hupukutika kwenye sikio la ng'ombe anayelala nje na kunyeshewa, na kupe mmoja aliyebaki aweza kupandikiza ugonjwa unaoua katika majuma machache. Kinga zilizothibitika ni josho linalosimamiwa vizuri na chanjo ya ndigana, iliyotokana na utafiti uliofanyika Muguga, nchini Kenya.

Liko pia suala la afya ya mfugaji mwenyewe. Diatomaiti iliyochomwa kwa moto mkali, kwa ajili ya vichujio vya bia na mabwawa ya kuogelea, huwa na silika ya fuwele, ambayo ikivutwa kwa muda mrefu huharibu mapafu. Aina hiyo haifai kabisa kwa mifugo. Hata ile isiyochomwa hukera macho na kifua. Anayeimwaga bandani afunike pua na mdomo, na asiifanye hewa ya vifaranga kuwa ukungu wa vumbi.

Wahenga walisema, kila ndege huruka kwa ubawa wake. Udongo wa diatomu una ubawa wake: banda kavu, kiota cha kuku, ghala la nafaka. Akautumie hapo mwenye nao. Ndama akivimba tezi chini ya sikio na kupandwa na homa, aitwe mganga wa mifugo siku hiyohiyo, kwani hapo vumbi halina msaada.